Mshunga wa Mama Ibrahimu

Wivu ulimwingia Hawa kwa njia ya simu, Alhamisi asubuhi, akiwa amechuchumaa jikoni anapuliza moto. Mwanawe Ibrahimu, dereva wa lori la mboga, alipiga kutoka Chalinze kusema kwamba jioni angekuwa nyumbani. Hawa akafurahi, akamwombea safari njema. Kisha kijana akaharibu mambo.

"Mama, mwambie Salama anipikie mshunga. Nimeutamani njia nzima."

Mwambie Salama! Hakusema mama nipikie. Mshunga, ile mboga chungu aliyozoeshwa na mama yake tangu akiwa mdogo wa kulishwa kwa mkono, leo unaagizwa kwa mkewe, msichana wa kijiji cha Mgwashi aliyeolewa juzi tu. Hawa alijibu, "Haya, baba," akakata simu, na hakumwambia mtu. Alichukua kikapu chake, akajifunga khanga kiunoni, akaondoka kabla Salama hajamaliza kufagia uwanja.

Msimdhanie Hawa kuwa ni mwanamke mbaya. Alifiwa na mumewe wakati Ibrahimu bado anasoma shule ya msingi, na hakuachiwa mali ya kutisha. Alichoweza kumpa mtoto kilitoka chunguni, basi. Sasa mtoto amekuwa mwanamume, ananunuliwa shati na mke, anafuliwa na mke, na siri zake anampelekea mke. Tumbo tu ndilo lililobaki la mama, na Hawa alikuwa amelishikilia kwa mikono miwili.

Kwa desturi ya nyumba yao, mke mpya hupika katika jiko la mama mkwe mpaka siku atakapokabidhiwa mafiga yake mwenyewe. Vyungu vyote hutoka mlango mmoja, vikapangwa kwenye sinia moja, na mlaji hana njia ya kujua kipi kimepikwa na nani. Salama alikuwa akiyasubiri mafiga tangu harusi. Hawa hakuwa na haraka hata kidogo.

Sokoni Lushoto watu walikuwa wamejaa, na ukungu ulikuwa haujainuka bado. Hawa alizipita karoti, akayapita mapeasi, akaenda moja kwa moja kwa Esteria, mama mmoja kutoka Rangwi aliyekuwa na mshunga peke yake siku hiyo, maana kiangazi kilikuwa kimeshika na mboga za porini zilikuwa adimu. Esteria akamsalimia kwa Kisambaa.

"Onga mshi, mama Ibrahimu. Nikupe mafungu mangapi?"

"Nipe wote."

"Wote? Una shughuli nyumbani?"

"Nina mtoto," alisema Hawa.

Akaongeza kipande cha papa mkavu kutoka kwa muuza samaki. Alikuwa akigeuka kuondoka alipoiona khanga ya kijani anayoijua. Salama! Hawa akajibanza nyuma ya rundo la makabichi, mtu mzima na mvi zake, akachungulia.

"Shikamoo mama," Salama alimwamkia Esteria. "Mshunga upo? Mume wangu kaniandikia ujumbe kwamba anautaka."

Kumbe na ujumbe alimwandikia! Yaani mama alipigiwa kwa ziada tu.

"Marahaba, mwanangu. Umekwisha. Mama mkwe wako kabeba wote sasa hivi."

Hawa alingoja aone uso ukikunjamana. Haukukunjamana. Salama alicheka kidogo, akasema, "Afadhali. Basi atakula wa mama," akaenda zake kuchagua viazi. Na muuza viazi, mzee ambaye Hawa amenunua kwake miaka nenda rudi bila kuongezewa hata kiazi kimoja, akamwongezea binti yule viganja viwili vizima. Salama alinunua na njegere mbichi, na nazi iliyopanda mlima kutoka Tanga. Hawa alirudi nyumbani anaongea peke yake.

Mchana jiko likawa na wapishi wawili. Hawa alikalia mafiga. Salama alitoka na jiko la mkaa barazani, kwa adabu, akamenya viazi vyake huko.

Sasa, mshunga una taratibu zake, na hakuna aliyezijua kumshinda Hawa. Unauchemsha, unamwaga yale maji ya kwanza, unaukamua, halafu ndipo unaupeleka kwa papa. Lakini siku hiyo macho ya Hawa yalikuwa kwenye mafiga na roho yake yote iko barazani. Tui likichemka kule, anavuta pua. Mwiko ukigonga sufuria kule, anasimama mlangoni. Anatia nini tena? Mbona anaimba? Nani kamwambia aimbe? Katika kusimama na kukaa huko, aliutia mshunga kwenye chungu cha papa na maji yake yote, akafunika, na hakuonja.

Ibrahimu alifika jua likizama, akaoga, akaketi mkekani. Sinia ikaletwa: ugali wa muhogo, bakuli la mshunga, bakuli la viazi vya nazi na njegere. Hawa alikaa karibu kabisa na mwanawe, aone tonge la kwanza likiingia.

Liliingia. Uso wa Ibrahimu ukajikunja, machozi yakamlengalenga, akameza kwa shida na kukimbilia kikombe cha maji.

"Jamani! Nani kapika hii dawa ya malaria?"

Hawa alifungua mdomo. Salama akamwahi.

"Ni mimi," alisema Salama, macho chini. "Nisamehe. Nimesahau kuukamua. Kula viazi, mume wangu, viazi kapika mama."

Ibrahimu akachota viazi. Akala, akachota tena, akavuta bakuli zima kwake. Akalamba vidole, akamtazama mama yake kwa yale macho ya utotoni ambayo Hawa alikuwa ameyakosa kwa muda mrefu.

"Mama, mkono wako ni mkono wako. Hata ukinifumba macho nitaujua."

Neno hilo Hawa alikuwa amelingoja tangu harusi, na lilimchoma kama kaa la moto. Viazi vile havikuwa na hata chumvi yake. Alimwonea wivu Salama kwa sifa ambayo Hawa mwenyewe ndiye aliyepewa, na hakuweza kuvumilia tena. Akalivuta bakuli la mshunga mbele yake, akamega tonge, akala. Ulikuwa mchungu wa kupasua kichwa. Akala tonge jingine.

"Mshunga ni wangu, Ibrahimu," alisema. "Mimi ndiye sikuukamua. Viazi kapika mkeo."

Ibrahimu aliacha kutafuna. Akamtazama mama yake, akamtazama mkewe, kisha akacheka kwa furaha mpaka akagonga mkeka kwa kiganja.

"Salama, unaona mama mkwe uliyempata? Anakutetea mpaka anajisingizia!"

"Naona," alisema Salama taratibu, akamsogezea Hawa kikombe cha maji.