Saa Mbili Mpaka Saa Tano

Kwa siku ya tatu mfululizo, Verediane alisimama mbele ya mlango uliofungwa kwa kufuli, akakisoma tena kibao kilichopigiliwa juu yake: EVODE, KOMISIYONERI WA NYUMBA. ANAPATIKANA SAA MBILI MPAKA SAA TANO, JUMATATU MPAKA IJUMAA. Maandishi yalikuwa makubwa na safi. Hayakumwachia msomaji nafasi ya kukosea, na hilo ndilo lililomkera zaidi.

Mwenye nyumba aliyokuwa akiishi alikuwa amerudi kutoka Kongo, akampa hadi Jumamosi awe amehama na binti zake wawili. Evode, dalali aliyekutana naye Jumapili baada ya misa, alimwahidi vyumba viwili vya mjane Mukandori, kwenye barabara ya kwenda Cyanzarwe, akamtaka afike ofisini saa za kazi. Verediane alikuwa na asubuhi tu. Kuanzia adhuhuri alikuwa zamu katika zahanati, na hutoka giza limekwisha kuingia.

Jumatatu alingoja mpaka saa tano, akamtafutia udhuru moyoni. Jumanne alingoja tena, akapenyeza chini ya mlango karatasi yenye maneno machache: alifika saa mbili, akakaa hadi saa tano, hakumwona mtu. Sasa, Jumatano, jibu lilikuwa limechomekwa kwenye komeo:

"Mama, jana na juzi nilikuwa hapa saa mbili mpaka saa tano, sikutoka hata kukunywa chai. We haukuja. Kama umepata komisiyoneri ingine, sema tu. Mutu muzima hadanganye."

Aliisoma mara mbili. Mtu gani huandika uongo kwa mkono wake mwenyewe, kisha akauacha barabarani usomwe? Alikumbuka aliyoyasikia zahanati: makomisiyoneri walioahidi familia tatu nyumba moja, na huyu Evode, aliyevuka mpaka kwenda Goma, Kongo, kila asubuhi, wala hakuna aliyejua anafuata nini huko. Mwaka ule wa 1999, na vita ng'ambo, mtu wa kuvuka kila siku bila mzigo alitazamwa mara mbili. Verediane akaona shabaha ya karatasi ile: aonekane mwongo yeye, nyumba ipate njia ya kwenda kwa mwingine.

Akaenda moja kwa moja kwa Mukandori, akamkuta uani akichambua maharage.

"Wewe ndiye yule wa kutoka Tanzania?" mjane aliuliza bila kumkaribisha.

"Ndiye mimi, mama. Nimeona heri tuelewane wenyewe, pasipo mtu wa kati."

"Evode alikuwa hapa jana jioni. Kasema una ndimi mbili. Sijamaliza kuliwaza hilo, nawe umefika kumzunguka." Mukandori alisimama, akalishika lango. "Leo unamzunguka yeye. Kesho utanizunguka mimi."

Lango likafungwa.

Alhamisi Verediane alibadilishana zamu na mwenzake, akafika alfajiri, akaketi kizingitini na mkate mfukoni. Aliapa kutoondoka kabla ya kumwona mtu yule uso kwa uso. Saa tano ikapita. Adhuhuri ikapita, na manyunyu kutoka upande wa ziwa yakamlowesha mabega. Alipokuwa tayari ameanza kujiona mpumbavu, Evode akatokea na koti lake la kijivu, funguo zikilia mkononi.

"Ee! Leo umefika," alisema kwa kejeli. "Na umefika kwa saa kabisa."

"Kwa saa? Nimekaa hapa tangu kabla ya saa mbili!"

"Saa mbili ndiyo hii." Akanyoosha mkono wenye saa. "Angalia, mama. Ao macho ya Tanzania hayaone saa ya Kongo?"

Verediane alitazama. Mshale mfupi ulikuwa kwenye mbili.

"Hii ni saa nane, bwana."

"Nane iko wapi? Mi ninaona mbili."

"Saa nane mchana! Saa mbili ni asubuhi, watoto wanapoingia darasani!"

Evode alicheka, kisha kicheko kikamkauka. Alizaliwa Goma, ambako saa husomwa kama mshale unavyoonyesha, kwa desturi ya Kifaransa. Na wateja wake karibu wote walitoka huko. Verediane alikulia Karagwe, ambako saa huanza kuhesabiwa jua linapochomoza.

"Kwa Kinyarwanda, bon, ni saa munani," alisema polepole. "Hiyo najua. Lakini pale niliandika Kiswahili!"

"Na hicho ndicho Kiswahili!"

"Chenu."

"Nyumba iko wapi, Evode?"

Evode aliketi kizingitini kando yake. "Jana nilimupa Joanita, muteja ingine, ufunguo. Mukecuru Mukandori alisema mutu wa uongo hamutaki."

"Uongo uliompelekea wewe. Simama, twende ukaukanushe mbele yake."

Mukandori aliwasikiliza mikono kifuani. "Juzi na jana hamkupatana. Leo mna hadithi moja. Mmeipangia wapi?" Akamtoa Verediane nje ya lango. "Evode, nijibu kwa Kiswahili. Misa ya kwanza Jumapili ni saa ngapi?"

"Saa saba."

Akamwita Verediane, akamuuliza vilevile.

"Saa moja, mama."

Mjane aliwatazama kwa zamu: misa ile ile, kila mmoja kwa saa yake. "Joanita simnyang'anyi. Hana kosa. Kuna chumba cha nyuma, kimoja tu, kimejaa viazi vyangu vya Mudende. Kikiwa wazi kesho, ni chako. Na magunia atayabeba huyu, maana mdomo wake ndio uliokufungia mlango."

"Mukecuru, mi ni komisiyoneri, si mutu wa kubeba magunia..."

"Vua koti."

Evode akalivua. Verediane hakusogea.

"Ufunguo kwanza, mama."

"Hata mimi huniamini?"

"Nina watoto, na kesho kutwa ni Jumamosi."

Mukandori aliguna, akaufungua kutoka pindo la kitenge chake. Verediane aliutia kwenye kufuli ya chumba cha nyuma, akafunga, akafungua, akafunga tena na kufungua. Ndipo alipompisha Evode aingie kuchukua gunia la kwanza.