Ubani Ndani ya Tela

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, matundu yote mawili ya juu ya tela yalikuwa yamezibwa kwa vipande vya kanga na utepe mweusi wa umeme. Utepe ulikuwa wa Saada. Kanga hazikuwa zake.

Tela lenyewe lilikuwa sanduku la bati la kubebea mizigo, ambalo kikundi cha wakulima wa mwani huko Micheweni kiliamua kuligeuza kituo cha kuchajia taa na simu. Paneli sita za jua juu ya paa, betri nne za maji sakafuni, soketi ukutani. Saada aliyafunga yote hayo kwa siku kumi na moja, huku kamati ya watu tisa ikimsaidia kwa kumtazama. Leo saa nne lilikuwa linafunguliwa rasmi kwa dua.

Alizima chaji kwanza, ndipo akamwita mwenyekiti.

"Mzee Ngwali, nani kaziba matundu?"

"Kamati," alijibu Mzee Ngwali, kwa utulivu wa mtu ambaye hajawahi kukosea akiwa peke yake. "Tulikaa jana baada ya magharibi. Bi Kijakazi anakuja na chetezo chake kufukiza. Sasa moshi wa ubani ukitokea juu, baraka itabaki wapi?"

Saada alikuwa amesomea umeme miaka mitatu, na hakuna mwalimu aliyemwandaa kwa hoja hii. Alieleza kwamba betri za maji zikikaribia kujaa hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu. Ni nyepesi kuliko hewa, hupanda darini. Matundu ni ya kuitoa. Ikizuiliwa ndani, ikafika sehemu nne tu katika mia, kaa moja la chetezo litatosha, na tela litaondoka bila trekta.

"Watu wangapi wataingia na hicho chetezo?" aliuliza.

"Kamati yote. Na mama mkwe wangu."

"Basi akidi itatimia. Mtakufa kihalali."

"Astaghfirullah, fundi! Ubani twafukizia nyumba, twafukizia maharusi, mpaka watoto wachanga. Ushasikia bibi harusi karipuka?"

Hakuwa amesikia. Bibi harusi, hata hivyo, hachajiwi. Akaeleza tena, taratibu, kwa tarakimu. Tarakimu zilimwingia Mzee Ngwali kama mvua inavyoingia mawe ya Micheweni: zilipotea zote na juu pakabaki pakavu.

Saa tatu na robo, wanakamati walipokwisha kukusanyika, Saada aliacha kusema. Aliweka betri kongwe ya gari uwanjani, akaiunga na chaja, akapeleka mpira mwembamba kutoka mdomo wa betri hadi kwenye kifuu chenye maji ya sabuni. Povu likapanda. Akachomoa mpira, akakipeleka kifuu hatua thelathini kutoka kwa betri na watu, akawasha ncha ya upongoo mrefu wa kuti la mnazi, akaigusisha kwenye povu.

Mlio ulikuwa wa bunduki. Kofia ya Mzee Ngwali ilianguka pale pale alipokuwa amesimama. Yeye mwenyewe alikuwa ameshafika nyuma ya trekta.

"Hiyo ni ya kifuu kimoja," alisema Saada. "Mmeona?"

Mzee Ngwali alirudi, akaokota kofia, akaipangusa vumbi.

"Tumeona. Fundi kasema kweli, nasi tumwombe radhi. Mle kwenye betri mna jini." Akawageukia wenzake. "Ubani uongezwe."

Azimio likapita kwa kauli moja. Suala la rangi ya tela lilikuwa limewachukua vikao vitatu.

Saada alikwenda kusimama mlangoni mwa tela, mikono kwenye miimo yote miwili. Saa nne kasoro dakika kumi akatokea Bi Kijakazi, chetezo mkononi, makaa yamekolea.

"Bi Kijakazi, shikamoo. Moto huo usifike hapa. Nakuomba sana. Ukifika tunakufa."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini?"

Wanakamati tisa walimjibu kwa pamoja. Bi Kijakazi alingoja mpaka wakaishiwa pumzi.

"Jini yumo ndani?"

"Yumo!"

"Na nyie ndio mliomzibia matundu?"

Wanakamati wanane walimgeukia mwenyekiti.

"Mie mwaka wa arubaini huu nafukiza. Jini hupewa njia akatoka. Ukimzibia kila pahala kisha ukamchoma moshi, ataanza na aliye karibu. Na karibu ni nyie." Akamtazama Mzee Ngwali toka kofia hadi makubadhi. "Mwenyekiti mzima! Fungueni juu, fungueni mlango, tokeni nyote. Na chetezo kitakaa mbali kule. Mtu humtoa mgeni kwa kumwekea moto mlangoni?"

Saada alipima maagizo yale moja moja: hewa ipite, watu wawe nje, moto uwe mbali. Hakuona kosa la kiufundi. Kuhusu jini alikuwa na maoni, na alikaa nayo.

Wanakamati walisukumana kugombea kubandua utepe. Chetezo kiliwekwa hatua arubaini kutoka kwa tela, upande unakokwenda upepo, na dua ikasomwa uwanjani. Mzee Ngwali alitoa hotuba fupi juu ya umuhimu wa matundu, ambayo, alisema, kamati iliyasisitiza tangu mwanzo.

Saa tano na dakika ishirini Saada aliwasha chaji. Bi Mwanapili, mkulima wa mwani, alichomeka taa yake kwenye soketi ya kwanza. Alama nyekundu ya chaji ikawaka.