Hadi Mega Hamsini

Fundi wa intaneti alisimama hatua moja kutoka kwenye kisanduku chenye taa, akapima kasi kwa simu yake, akapata mega arobaini na saba. Akamwonyesha mama mwenye nyumba na kumwinulia dole gumba. Ilibaki saini tu kwenye fomu, pale palipoandikwa "tatizo limetatuliwa", kisha aende zake.

Mama yule alikuwa mshonaji, kiziwi tangu utotoni, na hakuwa mtu wa kuburuzwa. Alivuta daftari lake la vipimo vya wateja, akaandika: "Mwanangu, mkataba unasema hadi mega hamsini. Nikimshonea mtu gauni la hadi inchi hamsini, likatoka inchi tano, si atalivaa kichwani?"

Fundi alicheka, kisha akaona haya. Hilo neno "hadi" ni danganya toto, na yeye ndiye aliyekuwa akilitembeza nyumba kwa nyumba. Akaandika chini yake: "Mama, tatizo hasa ni nini?"

Mama akaandika bila kuinua kichwa. Binti yake, kitindamimba, anasomea uuguzi nchi ya mbali. Masikio yake ni mazima, ila alijua lugha ya ishara kabla ya kujua kusema, na kila Jumapili wanaongea kwa video. Wiki ijayo mama anapasuliwa mkono wa kulia, na daktari hana hakika kama vidole vitarudi kuwa vilevile. "Nimemwambia mara tatu. Anaitikia kwa kichwa, anacheka. Nimekuita wewe kwa sababu sitaki kuamini kwamba tatizo ni yeye."

"Kwa nini usimwandikie?"

"Habari za mkono wangu namwambia kwa mkono wangu."

"Na wewe unamwona vizuri?"

"Kama yuko hapa ndani."

Hapo fundi akashtuka. Siku zote alitazama ile namba kubwa tu, kama tunavyofanya sote. Chini yake, kwa tarakimu ndogo, kulikuwa na mwendo wa kutuma, na haukufika hata mega moja. Kumbe nyumba ile ilipokea kwa ndoo na kutoa kwa kijiko! Akamwomba mama ampigie binti, kisha wakamwandikia awatumie picha ya kile anachokiona kwenye kioo cha simu yake.

Picha ikaja. Uso wa mama ulikuwa vipande vipande, na mahali pa mikono palikuwa na miraba ya kijivu tu.

Binti akaandika: "Mama, nisamehe. Miezi saba sasa naona mikono yako ikirukaruka tu. Nilikuwa naitikia kwa sababu ulionekana unafurahi kuongea."

Mama aliyasoma maneno hayo mara mbili, akaketi. Nani hajawahi kusema ndiyo, ndiyo, kwenye simu inayokatika? Fundi mwenyewe humfanyia baba yake hivyo kila wiki.

Waya hakuweza kuutengeneza, maana kampuni ndivyo ilivyoupanga. Alichoweza ni kupunguza ukubwa wa picha. Mama akawa mdogo kama picha ya kitambulisho, lakini mikono ikatembea.

Akaanza upya, polepole, na binti akairudia kila ishara kuonyesha kwamba ameipata. Mkono. Wa kulia. Wiki ijayo. Fundi hakujua lugha ile, lakini alijua wamefika kwenye kisu, kwa sababu ishara hiyo binti hakuirudia. Alijifunika uso kwa viganja vyote viwili, mabega yakimtikisika.

Mama akalivuta daftari, akaandika neno moja, "Analia," akalipigia mstari chini na kumsukumia fundi, uso umemchangamka.

Fundi akafuta "limetatuliwa" kwenye fomu, akaandika pale mwendo wa kutuma kwa tarakimu kubwa, akampa kalamu. Mama akasaini kwa mkono wake wa kulia, bila haraka.