Picha Namba Saba Inavuja

Picha namba saba ilianza kuvuja Jumanne, saa mbili kasorobo asubuhi, na mfagizi wa jumba la maonyesho akaitegea ndoo kama mtu anavyotegea paa bovu. Wenzake walimwita Mama Deki. Alipiga deki kuanzia ukuta wa nyuma mpaka mlangoni, akarudi, akakuta ndoo imejaa. Akaimwaga, akaitega tena.

Picha zilikuwa ishirini na mbili, rangi tupu, bila mti wala ndege wa kuonekana, ingawa tangazo la mlangoni lilisema zimetokana na maumbile ya asili. Namba nne ilipukutisha majani makavu. Namba kumi na moja ilinukia mvua. Hizo hazikumpa tabu.

"Saba ni korofi," mlinzi alisema. "Imeshanilowesha soksi."

"Vua viatu, baba. Mtoni hatuingii na viatu."

Alisema hivyo bila kufikiri. Kisha akachota kwa kiganja, akaonja. Maji yalikuwa na ladha ya kutu na matete. Akaitazama picha vizuri: utepe wa buluu, kona, doa jeusi. Doa ndilo jiwe la mtoni ambalo juu yake mama yake alifulia nguo miaka thelathini. Mto huo ulifukiwa mwaka juzi na kiwanda cha saruji, na sasa mama hukaa tu kibarazani, mikono mapajani. Jina la kiwanda lilikuwa pale mlangoni kwa herufi kubwa. Ndicho kilichodhamini maonyesho.

Tena picha ilikuwa imetundikwa kichwa chini, ndiyo maana ilimwaga. Mama Deki akapanda ngazi, akaigeuza. Maji yakaacha kudondoka, yakaanza kutiririka ndani ya fremu, taratibu, kuelekea yalikokuwa yakielekea siku zote.

Mchoraji alifika saa nne, akakuta sahihi yake imesimama miguu juu.

"Nani amegusa kazi yangu?"

"Mimi, kaka. Ilikuwa imepinduka."

"Imepindukaje? Nimeitoa kwenye picha ya angani niliyopewa na watu wa kiwanda wenyewe."

"Basi uliishika vibaya."

Mlinzi alikohoa, akatazama dari.

Namba saba ikarudishwa ilivyokuwa. Ndoo ikawekwa chini yake na pembeni kibao cha kutahadharisha watu juu ya utelezi. Wakuu wa kiwanda walitarajiwa saa kumi. Meneja wa jumba akamwita Mama Deki ofisini, akamsogezea karatasi na kalamu. Aandike kuwaomba radhi msanii na mdhamini, au avue sare.

"Dada yangu, mistari miwili tu. Haitakuchubua mkono."

"Mama yangu aliombwa radhi na nani?"

"Mto umeshafukiwa, dada. Tuzungumze ya leo."

Mama Deki akavua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya karatasi tupu. Akarudi ukumbini. Ndoo ilikuwa imejaa tena. Akajitwisha, akapita katikati ya wageni wa kwanza, ambao walimpisha bila kukatiza mazungumzo yao.

Meneja alimfuata mpaka mlangoni. "Ndoo ni mali ya jumba."

"Nitairudisha kesho, mama akishafua," Mama Deki alisema. "Radhi siombi."