Mota ya Kazi Nyepesi

Fundi Saa alikuwa na antena moja juu ya bomba la chuma nyuma ya jiko, na mke mmoja wa kuizungusha. Kila jioni alikaa kwenye redio yake ya kuongea na wenzake wa mbali, akipaza sauti dirishani: "Kaskazini kidogo! Basi! Rudisha!" Mkewe, mikono imejaa povu la sabuni, alilikumbatia bomba akalizungusha. Miaka sita.

Siku moja mama huyo akasema, "Baba, mabega yangu yamestaafu. Nunua mota ya kulizungusha bomba."

Kununua mota si kununua nyanya. Fundi aliwauliza wenzake hewani, na kila mmoja akamshauri anunue kubwa ambayo yeye mwenyewe ilimshinda bei. "Upepo haupigi hodi," walimwonya. Miezi minne akachora michoro ya mota ya kuzungusha mnara, hadi mkewe alipoiteremsha antena akaitundika kwenye mizani ya jirani auzaye mkaa. Kilo tatu kasoro.

"Unatafuta punda wa kubeba unyoya," akasema.

Wakaenda kwa muuza vifaa vya mtumba, wakachukua mota ndogo iliyotengenezwa kwa antena za televisheni. "Hii ni ya kazi nyepesi," muuzaji alisema. "Usiitwishe mzigo, nayo itakutunza."

Fundi akaifunga mwenyewe, akaacha waya ulegee usije ukakatika, akaegemeza dira kwenye bomba na kupima kaskazini. Akabonyeza kitufe. Antena ikageuka taratibu, kama mtu anayetazama nani kamwita.

Redioni, mikwaruzo mitupu. Rafiki yake wa miaka yote, aliye kaskazini, hakusikika hata kukohoa. Fundi akampigia simu muuzaji, akamwita tapeli, akamwita na mengine yasiyoandikika.

Mkewe akatokea mlangoni. "Umeielekeza wapi?"

"Kaskazini, kama siku zote."

"Siku zote antena ilielekea banda la kuku la jirani."

"Si nilikuwa nakwambia kaskazini!"

"Uliniambia. Mimi nilikuwa nasikiliza redio dirishani. Sauti ikinenepa, naacha."

Fundi akatoka na dira kumuumbua. Aliposogea hatua tano kutoka kwenye bomba, sindano ikayumba, ikahama, ikatulia juu ya banda la kuku. Chuma cha bomba ndicho kilichokuwa kimeivuta. Na huyu ndiye aliyewagombeza wateja nusu ya maisha yake kwa kuweka saa karibu na sumaku.

Aliporudi ndani, mkewe alikuwa ameshabonyeza kitufe na kuigeuzia antena kwenye banda. Fundi akaita hewani, na sauti ya rafiki ikajaa chumba: "Leo unasikika safi! Mota gani hiyo?"

"Ndogo tu," Fundi akajibu, akikwepa macho ya mkewe. "Ila ina dereva mzoefu."

Kisha akachukua simu kumwomba radhi muuzaji. Iliita mara tatu bila kupokelewa. Mara ya nne ikapokelewa. Mkewe akavuta kiti, akakaa asikilize vizuri.