Gari la Ukasha Linavuta Kushoto

Munira alipofiwa na mumewe, Ukasha, alibaki Misima na nyumba ya vyumba vitatu, watoto wawili na gari. Gari lenyewe ni lile lenye milango ya kuteleza ambalo Korogwe nzima tunaliita Kobe kwa ajili ya mgongo wake. Ndugu wa marehemu walikaa kikao wakamwachia yeye. Naye akapanga hivi: liuzwe likiwa zima, apate mashine ya kusaga, akae palepale Misima asage mahindi ya watu, alee watoto wake. Likishindikana hilo ni kurudi Handeni mjini kwa kaka yake, na mke wa kaka yake tunamjua sote.

Shida ni kwamba alikuwa kwenye eda. Miezi minne na siku kumi hatoki. Basi akanituma mimi, shoga yake tangu tunauza machungwa stendi ya Korogwe tukiwa hatujavunja ungo.

"Tatu, mnunuzi nimempata," aliniambia. "Deogratius wa Manundu, yule mwenye duka la misumari na saruji. Anataka likaguliwe kwanza. Nenda nalo, Ponsiano ataliendesha. Karatasi ikitoka niletee mimi."

Ponsiano ndiye fundi aliyelitengeneza gari hilo miaka yote. Tulifika Korogwe asubuhi, mkaguzi akaingia chini, akatikisa magurudumu, akaliendesha akafunga breki, akarudi akaandika. Limeanguka. Bushi za mbele zimekwisha. Handibreki haishiki. Mlango wa kushoto haufungi mpaka upigwe. Na likifungwa breki linavuta kushoto.

Mimi nikaisoma karatasi mara mbili. Ponsiano hata kofia hakuvua.

"Dada, Kobe wote wanaanguka hapohapo," alisema. "Mwezi huu nimeleta watatu, karatasi zao ukizichanganya huwezi kujua ipi ya nani. Bushi ni barabara zetu, mlango ni vumbi kwenye reli. Huku kuvuta ni breki ya kulia imeganda, inashika ya kushoto peke yake. Niachie siku mbili. Injini umeisikia lakini? Hiyo injini itatuzika mimi na wewe."

Ningekwenda Misima moja kwa moja, leo nisingekuwa na la kuandika. Lakini ilikuwa saa ya chakula, na kwangu Manundu ni karibu, na kwangu hakukosi watu. Siku hiyo palikuwa na mashoga watano, mmoja anasukwa, wengine wanamenya ndizi, na Edna, jirani yangu, ameegemea mlango na simu mkononi kama kawaida yake.

"Haya, gari la mjane limepita?" akauliza.

"Limeanguka."

"Limeanguka nini na nini?"

Karatasi nilikuwa nayo kwenye pochi. Nikaitoa. Nikasimama katikati ya ua nikasoma kwa sauti ya trafiki.

"Handibreki haishiki."

"Kama mume wangu," akasema anayesukwa.

"Mlango haufungi mpaka upigwe."

"Kama mdomo wa Tatu," akadakia mwingine, wakacheka, nami nikacheka, na ndipo nilipopata moto.

"Sasa sikieni hii. Likifungwa breki linavuta kushoto. Haya niambieni, ukitoka Korogwe unaingia Misima, makaburi yako upande gani?"

"Kushoto," wakaitika.

"Basi mjue nani bado ameshika usukani."

Walilala chini kwa kucheka. Aliyekuwa anasukwa alinyanyuka na kichwa nusu. Edna alicheka mpaka akafuta machozi, na mkono wenye simu haukushuka. Niliuona ule mkono. Nikadhani anachati na mtu wake.

Siku mbili zikapita. Ponsiano alifanya kama alivyosema, mkaguzi akaliendesha tena, akafunga breki, gari likanyooka kama rula. Likapita kila kitu, stika mpya ikabandikwa kwenye kioo. Tukalipeleka dukani kwa Deogratius tukipiga honi.

Alitoka, akatusalimia vizuri, karatasi akaisoma yote. Lakini gari hakulisogelea.

"Karatasi nzuri, dada Tatu," akasema. "Tatizo na hii nimeisikia."

Akaweka simu juu ya kaunta, akabonyeza. Nikaisikia sauti yangu mwenyewe, na kicheko cha ua mzima. Edna alikuwa amenirekodi, akaituma kwenye kundi la akina mama wa Manundu, na huko kila mmoja akairusha kwa wake.

"Kaka Deo, huo ulikuwa utani."

"Najua ni utani. Mimi mwenyewe nilicheka." Akateremsha sauti, maana mkewe, Grasiana, alikuwa nyuma ya rafu. "Mwenzangu amesema hapandi. Na watoto hawapandi. Sasa nikanunue gari nikae ndani yake peke yangu?"

"Ilikuwa breki tu. Muulize Ponsiano."

"Ni breki kweli," alisema Ponsiano, akiangalia chini.

"Sijakataa," akasema Deogratius. "Waeleze na wao."

Nikawaeleza. Nilituma sauti yangu kwenye kundi lilelile, nikafafanua breki ya kulia na ya kushoto kama fundi. Nikajibiwa na vikatuni vya kucheka. Mmoja akauliza, "Kwa hiyo marehemu ameshalegeza usukani?" Kila nilipofafanua, waliokuwa hawajasikia wakasikia. Alikuja mnunuzi mwingine kutoka Handeni, akaliendesha mpaka Sindeni na kurudi, akalisifu. Kabla ya kutoa neno lake akauliza, "Ndilo lile la kwenye simu?" Ufunguo akaurudisha.

Na Munira nilikuwa namwambia nini? Nilimwambia Deogratius kabadili mawazo, wafanyabiashara ndivyo walivyo. Nilimwambia watu siku hizi hawataki Kobe. Alikuwa akinisikiliza, ananimiminia chai, ananiambia, "Sawa, Tatu."

Mwezi wa nne wa eda wakaja watu wanaonunua magari ya kukata, wauze taa peke yake, milango peke yake, injini peke yake. Wao hawaogopi marehemu. Walitoa bei ya vipande, na mashine ya kusaga hainunuliwi kwa bei hiyo. Munira alikubali akiwa ndani, kupitia kwa mdogo wake. Tulisimama dirishani, yeye na mimi, tukaangalia Kobe likitolewa uani. Halikusukumwa. Liliwaka mara moja, likaondoka kwa mwendo wake.

"Munira," nikaanza, "lile neno lililosemwa kuhusu gari..."

"Nililisikia siku ileile," akasema. "Saa kumi jioni. Niliko hatoki mtu, lakini simu inaingia."

Nikaacha dirisha, nikamgeukia.

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Nilikuwa nasubiri uje uniambie. Ningekutetea kwa watu, Tatu. Ningesema, huyo ndivyo alivyo, hana ubaya. Ukaja ukaniambia watu hawataki Kobe." Akashusha pazia. "Miezi mitatu unaniambia watu hawataki Kobe."

Eda ilipokwisha, nyumba alimpangisha mwalimu. Kaka yake akaleta gari la mizigo kumchukua. Nilifika alfajiri nikafunga vyombo, nikabeba godoro, nikachekesha watoto. Majirani walijaa. Munira akapita kwa mmoja mmoja akiwashika mikono na kuwashukuru. Alipofika kwangu akanishika mkono, akasema, "Ahsante kwa msaada wako, Mungu akulipe," sawasawa na alivyomwambia jirani wa nyumba ya pili, kisha akaenda kwa aliyefuata.