Wakili Mpaka Saa Kumi na Moja na Nusu

Msiniambie subira yavuta heri. Nimeambiwa na mashangazi, na majirani, na hata muuza mkaa, miaka miwili mfululizo, na kila aliyeniambia alikuwa na mtu wake nyumbani. Wangu, Majid, alikuwa gerezani kwa sababu ya filimbi.

Ndiyo, filimbi. Majid ana duka la vifaa vya michezo hapa Bujumbura, alilirithi kwa baba yake. Aliuza filimbi kumi kwa marefa kumi wa mashindano ya shule. Wiki iliyofuata wakakamatwa marefa wote kumi, na Majid akawa wa kumi na moja, eti filimbi ni ishara ya kuwaita waasi. Mashindano yakachezwa bila refa. Fainali iliisha kumi na tisa kwa kumi na saba, na shule zile mbili hazisalimiani mpaka leo.

Mawakili, sisi hapa Buja tunawaita avoka, na kwa heshima Metre, kila niliyemtajia kesi hiyo alikumbuka kwamba ana safari. Mmoja tu ndiye aliyesema ndiyo, Metre Consolate, mwanamke mfupi wa Gasenyi, mwenye sauti ndogo na kichwa kigumu. Siku ya kesi alimwomba jaji kitu kimoja: filimbi ipulizwe pale pale kortini, tuone kama waasi watakuja. Mwendesha mashtaka akakataa kuigusa. Jaji akaichukua, akaifuta na leso, akapuliza. Tukangoja. Baada ya muda akachungulia mama mmoja mlangoni, akauliza kama ni mapumziko.

Basi jaji akatuandikia karatasi za kuachiliwa, kumi na moja, kila moja na kashe yake, mhuri wa serikali. Nililia, wallahi, nilimkumbatia Metre Consolate mpaka miwani yake ikapinda. Hatujamaliza ngazi za korti, polisi wakamshika. Kosa lake, kusababisha filimbi kupulizwa ndani ya jengo la serikali. Na jaji aliyepuliza? Yule alipuliza kisheria, wakasema. Metre Consolate alinitupia ile bahasha ya karatasi wakati wanamwingiza garini, na kesho yake jina lake likafutwa kwenye orodha ya mawakili.

Nikaenda na bahasha gerezani mbio mbio. Mkuu wa gereza, mtu mpole mwenye kikombe cha chai, alizisoma zote kumi na moja.

“Karatasi ziko muzuri kabisa, Mama Najla,” akasema. Najla ni binti yangu, na watu wengi huniita hivyo kuliko Ruqaya. “Lakini lazima ziletwe na avoka mwenye kuandikwa mu dosiye ya kesi.”

“Ni Metre Consolate. Umemfunga wewe mwenyewe, yuko hapo nyuma upande wa wanawake! Mwite azichukue akupe.”

“Apana. Ule ni mufungwa. Mufungwa hawezi kuleta karatasi. Karatasi inatoka inje.”

“Basi mtoe nje dakika moja, aingie nazo.”

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa. “Kwa sheria gani, mama?”

Hasira nilizokuwa nazo siku ile zingechemsha sufuria ya maharage. Kutoka alipolala Majid mpaka alipolala wakili wake ni hatua hamsini, na karatasi ya kumtoa ilikuwa mkononi mwangu. Mwaka ukapita hivyo hivyo.

Kesi ya Metre Consolate nayo ilikwama, maana sheria inasema mwenye kosa kubwa lazima awe na wakili. Alikuja Metre Gélase. Alisimama, akasema “Bonjour, Monsieur le Juge”, akaketi. Kesho yake jina lake likafutwa, eti kamsaidia mhalifu. Akaja Metre Loïc, kijana mwerevu, huyu hakusema hata bonjour. Akafutwa kwa kosa la kukusudia. Wa tatu alileta cheti cha daktari kwamba koo lake haliruhusu neno lolote lenye herufi nyingi. Wa nne hakuwapo. Kesi ikaahirishwa mara saba, na mara zote saba nilikuwa pale, benchi la pili, na bahasha yangu kwenye mkoba.

“Hapa ni inchi ya sheria,” jaji akasema mara ya saba, akipiga meza. “Sitahukumu mutu asiye na avoka.”

Ndipo mwendesha mashtaka akapata wazo, na alivyotabasamu nilijua litakuwa la kipumbavu. Kwa kuwa mshitakiwa mwenyewe zamani alikuwa wakili, basi arudishwe kwenye orodha kwa siku moja, Jumanne, toka saa moja na nusu asubuhi mpaka saa kumi na moja na nusu jioni, ajitetee, afungwe kihalali. Barua ikaandikwa, na kashe tatu. Mimi nilichoambiwa ni kwenda Gasenyi kwa mama yake kuchukua joho lake jeusi, nikalipiga pasi mwenyewe.

Jumanne hiyo, yarabi, sijui kama nilicheka au nililia. Jaji akauliza kama mshitakiwa yupo. Metre Consolate akasimama kizimbani, akasema yupo. Akauliza kama wakili yupo. Akatoka kizimbani, akavaa joho, akaenda kwenye meza ya mawakili, akasema yupo. Kila swali la mshitakiwa, joho linavuliwa. Kila neno la wakili, joho linavaliwa. Mara moja alisahau akajibu kizimbani akiwa na joho, jaji akamwonya asizungumze na mteja wake bila ruhusa. Watu wakaanza kucheka, polisi akatutolea macho, tukanyamaza.

Alijitetea vizuri, Mungu ni shahidi. Miaka sita.

“Muteja wako ameelewa?” jaji akauliza.

“Nitamuuliza,” akasema Metre Consolate.

Kisha, badala ya kulia kama ambavyo mimi nilikuwa nalia, akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nane. “Monsieur le Juge, mi ni avoka mpaka saa kumi na moja na nusu. Barua inasema. Nina karatasi za wateja wangu za kupeleka gerezani.”

Jaji akaisoma barua, akaisoma tena, akamwita karani aisome. Mwendesha mashtaka hakutabasamu tena. Sheria ni msumeno, jamani, na siku hiyo ulikata kwao. Wakampakia kwenye gari la polisi na joho lake mwilini na bahasha yangu mkononi, nami nikafuata kwa teksi, namsukuma dereva kwa maneno.

Kwenye lango la gereza kuna askari anaitwa Amissi, mtu wa Kinama, hana ubaya ila anaogopa vitabu vyake. Ana viwili, cha wafungwa na cha wageni. Polisi wakamwambia, “Tumemuleta,” wakaweka saini yao kwenye karatasi zao, wakaenda kutafuta mishikaki. Metre Consolate akasema yeye ni wakili mpaka jioni, amwandike kwenye kitabu cha wageni. Amissi akasoma barua, akaona kashe tatu, akamwandika.

Mkuu wa gereza alizipokea karatasi zote kumi na moja. “Umeona, Mama Najla?” akaniambia. “Si nilikuambia ziko muzuri?”

Nikangoja nje ya lango, wakaanza kutoka. Refa wa kwanza, wa pili, wa tatu, macho yamejaa jua. Majid alikuwa wa saba. Amekonda mpaka kola inazunguka shingoni, amebeba beseni la plastiki kama mtu anayetoka kuoga. Sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka nilimshika mkono na sikuuachia, hata alipotaka kujikuna. Marefa hawakungoja kuaga, mtu na njia yake.

Saa kumi ikalia kengele ya kuwatoa wageni. Amissi akaja na kitabu chake, nyuma yake Metre Consolate analalamika.

“Mi ni mufungwa, Amissi. Nimehukumiwa leo.”

“Metre, kitabu kinasema mugeni. Mugeni analala hapa? Apana. Toka, tafadhali.” Akamtoa nje kwa heshima zote, akafunga lango.

Tukabaki watatu barabarani, mimi, Majid na yeye. Polisi hakuna. Teksi yangu ipo, dereva kaegemea mlango anakula karanga. Nikaona mara moja kile ambacho na yeye alikuwa amekiona.

“Panda,” nikamwambia. “Metre, dada yangu, panda! Mpaka wa Kongo ni nusu saa. Jioni hii uko Uvira, unakunywa chai.”

Aliitazama ile teksi. Nawaambieni aliitazama sana. Akaingiza mikono ndani ya joho. “Mama yangu hajaniona mwaka mzima,” akasema. Kisha akamtazama Majid na beseni lake. “Ruqaya, nikikimbia, zile karatasi zimeletwa na nani?”

“Na wewe,” nikasema.

“Na mtoro. Watasema ni bandia. Kabla ya magharibi watakuwa wamewarudisha wote kumi na moja.”

Ningeweza kumbishia. Mimi ndiye mwenye mdomo, muulizeni mtu yeyote mjini. Lakini mkono wa Majid ulikuwa mkononi mwangu, una joto, nikagundua kwamba ninaomba, kimoyomoyo, asipande. Mungu anisamehe, nilikuwa namwambia panda na ninaomba asipande.

Akavua joho, akanipa. Akaenda kugonga lango.

“Nani?” akauliza Amissi kutoka ndani.

“Mufungwa.”

“Wafungwa wote wako ndani.”

“Mimi bado. Fungua.”

Kidirisha kikafunguka, jicho la Amissi likatokea. “Una karatasi?”

Akampitishia hukumu yake ya miaka sita. Amissi akaisoma pole pole. “Karatasi iko muzuri. Sasa nani amekuleta?”

“Nimekuja mwenyewe.”

“Apana, Metre. Mufungwa haji mwenyewe, mufungwa analetwa. Niandike nini hapa?” Akainua kitabu cha wafungwa kwenye kidirisha, akaonyesha kwa kidole mstari mtupu. “Lazima mutu asaini. Kama hakuna, urudi kesho na polisi.”

Kesho atakuwa mtoro. Yeye alijua, mimi nilijua, na Majid, ambaye hakuwa anaelewa lolote, alianza kunivuta nyuma pole pole kuelekea teksi.

Metre Consolate akageuka kunitazama. Hakuniomba. Angeniomba, labda ningepata la kukasirikia.

Nikauachia mkono wa Majid. Nikaenda mpaka kwenye kidirisha, nikachukua kalamu ya Amissi, na kwenye mstari wa aliyemleta mfungwa nikaandika jina langu lote, Ruqaya binti Tamim, na namba ya simu, maana na yenyewe waliitaka. Lango likafunguka kiasi cha mtu mmoja mwembamba. Akapita.

“Asante kwa kazi, madamu,” Amissi akasema.

Nami nikamjibu, “Asante, shefu.”